Mpira wa kubashiri umeshindwa hata kubahatisha. Nataka 1,200 zangu

Wadau wa Kisumu, hasira hii nimekaa nayo tangu Jumapili, leo naitoa.

Binti yangu ametimiza miaka 11 juzi. Yuko gredi ya sita, na hakuomba keki wala viatu. Alitaka ule mpira mweusi wa kubashiri, Magic 8 Ball, aliouona kwenye simu ya binamu yake. Unauliza swali la ndiyo au la, unatikisa, unaupindua, jibu linaibuka kwenye kidirisha. Nilizunguka mjini hadi nikaupata kwenye duka moja Oginga Odinga Street. Jina la duka silitaji. Shilingi 1,200. Nikaomba wapunguze hata mia, kijana wa kaunta akasema, "Mzee wangu, hii ni orijino, haipunguzwi." Nikalipa kwa M-Pesa.

Jioni tukakaa sebuleni sote. Binti akauliza kama atafanya vizuri KPSEA, mtihani wa kitaifa wa gredi ya sita. Mpira ukajibu kwa Kiingereza chake: usitegemee hilo. Tukacheka. Mdogo wake akauliza kama Gor Mahia watashinda wikendi. Usitegemee hilo. Hapo shemeji yangu alinuna kana kwamba nimeuandika mimi. Mama watoto akauliza kama zamu yake ya kupokea pesa za chama cha akina mama itafika mwezi huu. Usitegemee hilo. Kisha binti, ambaye nyanya yake amekuwa mgonjwa huko Seme, akauliza kwa sauti ya chini kama nyanya atapona.

Jibu mnalijua.

Mtoto alilia mpaka usingizi ukamchukua. Asubuhi ilibidi tumpigie nyanya amsikie sauti. Nyanya alicheka hadi akakohoa, akasema hata wapiga ramli wa ujana wake walikuwa wakibadilisha jibu ukiongeza kuku.

Sasa msiniambie ni mchezo tu. Najua ni mchezo! Nilichonunua ni bahati nasibu, na hata hiyo sikupewa. Mpira wenyewe ukiwa halali una dude la plastiki lenye pande 20 linaloelea ndani ya maji ya buluu yaliyochanganywa na spiriti. Kila upande una jibu lake. Kumi ni ndiyo za namna mbalimbali, tano ni za kukwepa, kama vile uliza tena baadaye, na tano ndizo za kukataa. Yaani aliyeuunda alimpendelea muulizaji. Nusu ya majibu ni ya kukufurahisha, robo tu ndiyo ya kukuvunja moyo. Jibu moja, lolote liwe, kutokea mara nne mfululizo ni bahati ya moja katika 8,000, nanyi mmeona lilivyotokea usiku wa kwanza.

Ili nisiseme uongo, nilichukua daftari la hesabu la mtoto nikatikisa mara 30, nikiandika kila jibu. Mara 26, usitegemee hilo. Mara nne, povu tupu. Sijawahi kuona ndiyo kwenye huo mpira.

Nikarudi dukani Jumatatu, boda kwenda na kurudi kutoka Manyatta ni pesa yangu pia. Mpira mzima, sanduku zima, ujumbe wa M-Pesa kwenye simu. Kijana akatikisa mara moja, akasoma, akaniambia bila aibu, "Mzee, si inajibu?" Nikamwambia inajibu kitu kimoja. Akasema hiyo ni bahati yangu, nijaribu siku nyingine. Kisha akanionyesha karatasi ukutani: bidhaa ikiuzwa hairudishwi. Nilipokuwa nikinunua, karatasi hiyo ilikuwa imefunikwa na mipira ya kuogelea.

Nilifika nyumbani nikaupasua kwa msumeno wa shemeji. Sijuti. Lile dude lina ufa pembeni, maji yameingia ndani yake, kwa hiyo upande mmoja ni mzito na huzama daima, na ule ulio mkabala nao ndio hupanda kidirishani. Ni hilo tu. Hakuna jini. Rangi ya buluu ilinikolea vidoleni, nikaenda kazini kesho yake kama mtu aliyepiga kura mara tano.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sanduku limenakiliwa kutoka la Mattel, kampuni inayotengeneza mpira halali, mpaka rangi, lakini jina la aliyeutengeneza halipo popote, wala stika ya KEBS, shirika la serikali la viwango vya ubora. Mchezo huu una historia yake jamani. Ulianza kwa Albert Carter wa Cincinnati, Marekani, ambaye mamake alikuwa mpiga ramli. Mwaka 1950 kampuni ya Brunswick ya meza za biliadi ikaagiza utengenezwe kama mpira wa nambari 8, ule ambao vijana wa Kondele huumalizia mchezo. Zaidi ya miaka 70 watu wameweza kutengeneza plastiki isiyovuja, halafu mimi nauziwa huu!

Nyongeza, saa tatu usiku: wanaouliza kwa nini mtu mzima anapigana na kichezeo, hamjawahi kulaza mtoto anayelia. Na anayesema nisamehe kwa sababu ni 1,200 tu, nitumie wewe basi. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, hakikusema kuanzia elfu ngapi. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi milioni moja, na langu halizidi. Kama kuna aliyewahi kupeleka kesi huko hapa Kisumu, aniambie ada ni ngapi na kama vipande vya plastiki vinakubaliwa kama ushahidi, maana nimeshavipasua.

Jumamosi saa nne asubuhi narudi pale. Vipande viko kwenye mfuko wa unga, daftari ninalo. Aliyenunua wake hapo na haujapasuliwa, tafadhali autikise mara 30 aandike, tukutane mlangoni.