Radio (picha ya eksirei) ya meno kwa kila mgonjwa anayeingia: naomba ushauri

Mwana-Katuba: Wandugu, jambo. Niko Lubumbashi, nasaidia kwenye kabine (kliniki) ya meno ya yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa. Nataka kila mgonjwa apigwe radio kwanza, ndipo aangaliwe. Inaruhusiwa mara ngapi kwa mwaka? Mionzi haitawadhuru? Jana sikulala.

Dada Ruashi: Hakuna idadi iliyopangwa kwa mwaka. Kioo na taa kwanza, halafu ndiyo unaamua. Mtu mzima asiyetoboka meno ovyo, radio za kung'ata (zile anabana kishikio kwa meno, zinaonyesha tundu lililojificha kati ya jino na jino) kila miezi 24 hadi 36. Mwenye matundu mengi, miezi 6 hadi 18. Picha moja ni kama mikrosivati 5 (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini), haifiki hata mionzi ya asili ya siku moja. Mimi namhofia zaidi anayebonyeza mashine kutwa nzima. Mashine gani?

Kipara wa Likasi: Mgodi wa Shinkolobwe uko hapa jirani na urani yake, nyinyi mnaogopa radio ya jino 😂

Papa Filamu: Mnasahau dawa ya kutoa picha kwenye filamu! Nyuzi 20, dakika 5. Oktoba dawa ikifika nyuzi 27 ni dakika 2 na nusu tu, ukizidisha filamu inatoka nyeusi. Ikitoka imepauka, dawa imechoka. Watu wanasingizia mashine, wanampiga mgonjwa tena bure.

Dada Ruashi: Papa, hajasema anatumia filamu. Mwana-Katuba, nimeuliza mashine.

Mwana-Katuba: Ya mkononi, kama kamera. Kilovolti 60, miliampia 2. Ni ya betri, na umeme wa SNEL (shirika letu la umeme) mnaujua. Muuzaji anasema haihitaji chumba. Nimeshatoa dola 400, zimebaki 350. Bila radio kwa kila mtu, makuta (pesa) yatarudi lini?

Mama Ibanda: Kumbe ni deni! Shavu la mgonjwa si mahali pa kulipia deni lako, mwanangu.

Teknisien Bukavu: Ya mkononi si mbaya yenyewe. Ila mbele ya koni (bomba la mbele linalotoa mionzi) lazima iwe na ngao ya duara yenye risasi (madini, si ya bunduki). Mionzi inagonga uso wa mgonjwa na kurudi kwako: mikono, kifua, macho. Pima pia kutoka chanzo cha mionzi hadi ngozi, isipungue sentimita 20. Koni fupi inamwongezea mgonjwa dozi na kuvuruga ukubwa wa jino. Na kwa miliampia 2 muda unakuwa mrefu, mkono ukitetemeka mzizi unatoka na ukungu, unarudia. Mashine nyepesi mno itilie shaka, maana risasi ina uzito. Mwaka 2012 Uingereza ilitoa onyo juu ya mashine za namna hiyo zilizouzwa mtandaoni, zinavujisha mionzi.

Mwana-Katuba: Lakini picha zake ni safi, nimeziona kwenye simu ya muuzaji.

Kipara wa Likasi: Ngoja kwanza. Juu "nasaidia yaya", chini "nimetoa". Bei anayo mdomoni, volti anazo. Huyu ndiye muuzaji! Kesho ataweka namba ya WhatsApp.

Mama Ibanda: Hata mimi nimeanza kushtuka.

Mwana-Katuba: Mimi si muuzaji. Yaya hajui. Alinituma kununua kompresa (mashine ya hewa ya kabine).

Kipara wa Likasi: 😳

Dada Ruashi: Basi uwe umeitunga au hukuitunga, chukua rula. Koni?

Mwana-Katuba: Pamoja na ile alama ya chanzo iliyochorwa ubavuni, sentimita 11.

Teknisien Bukavu: Ngao?

Mwana-Katuba: Kuna kiduara cha plastiki. Kinapinda kwa kidole.

Teknisien Bukavu: Hiyo ni plastiki tupu. Usiishike hata kwa majaribio.

Dada Ruashi: Zile 350 usitoe. Mwambie yaya leo, kabla hajaulizia kompresa.

Mwana-Katuba: Muuzaji anakuja saa kumi.

Papa Filamu: Mwulize kama anauza dawa ya filamu.