Zege la nguvu nyingi: siku ya 3 limepita hesabu, siku ya 28 hesabu imelipita

kipilipili_mld
Salaam wadau. Niko Malindi, tumemwaga msingi wa MPa 60 (megapaskali, kipimo cha nguvu), unene wapita mita, maji kwa simiti 0.32 kwa uzani, na silika fyumu kidogo, ile poda laini ya kuongeza nguvu. Nguvu nakisia kwa Excel, fomula ya Nurse-Saul ya ukomavu wa zege, nyuzi mara saa basi, joto nachukua la hewa, 31 hivi. Siku ya 3 zege liko juu ya hesabu, siku ya 28 kipande tulichokata katikati kiko chini na kyubu, vile vipande vya majaribio vilivyolala kwa tangi la maji, ziko sawa kabisa!! Tatizo ni simiti ama fomula?

mwana_shela
Fomula ndugu yangu, simiti iache. Hewa si zege, unene huo na simiti yote hiyo katikati yafika 60 na kupita. Halafu Nurse-Saul ukianzia sufuri, saa moja ya nyuzi 60 akuhesabia saa 3 za nyuzi 20, Arrhenius, fomula ambayo kasi yapanda kwa mruko joto likipanda, kwa nishati ya kuamsha ya kilojuli 40 kwa moli akupa saa 7. Kwa hivyo siku ya 3 lazima likupite. Mara ijayo funga thamokapo, waya za kupima joto, kwa vyuma kabla ya kumwaga, moja katikati moja karibu na uso.

kipilipili_mld
Shukran sana. Na ile ya 28 je?

bandari_kuu
Hapo hata Arrhenius hakufai, yeye ajua kasi tu, kikomo cha nguvu ya mwisho hakijui. Simiti ikipata moto mapema mazao yake yaganda pale pale karibu na chembe, yaizingira, na nafasi za mbali zabaki vitundu, ndio lakimbia mwanzo na kuishia chini. Kyubu zako zimelala kwa maji ya baridi, hayo hazikuyapitia. Kikomo kwa modeli usiweke namba moja isiyobadilika, kishushe kadiri joto la mwanzo lilivyopanda, namba utazipata ukiponda kyubu ulizozilaza kwa joto tatu tofauti. Na 70 tafadhali usivuke, kuna etringaiti ya kuchelewa, fuwele za salfeti za simiti, yafura ndani ya zege lishakuwa gumu na pwani unyevu haukosi. Mwaga usiku, maji mengine yaweke kama barafu, uzani ule ule.

mwana_shela
Naam, na modeli iwekee maji pia. Kwa 0.32, gawanya kwa 0.42, ndiyo maji ambayo simiti yataka ifanye kazi yote, zege lisilopata maji ya nje simiti yake itafanya kazi mpaka kama asilimia 76 tu, tena lajikausha lenyewe kwa ndani na kusinyaa. Magunia mabichi juu mara uso ukishika, usingoje asubuhi, upepo wa kusi hautakungoja.