Kuchambua muvi na tamthilia na vijana wa kanisa: tuanzie wapi? (Tabora)

Mlezi wa Vijana, Isevya

Bwana asifiwe wapendwa. Kundi letu lina vijana 25 hivi, wa miaka 14 hadi 20, na tunakutana Jumamosi jioni hapa Tabora mjini. Wanachoangalia kinajulikana: tamthilia za Kituruki na za Kikorea zilizotiwa sauti ya Kiswahili, za Kihindi, Bongo Movie, na zile za DJ, yaani muvi za nje anazosimulia DJ kwa Kiswahili, wanazorushiwa kwenye flashi. Kila habari hiyo ikiguswa kanisani inaishia kwenye orodha: hii ina busu, hii ina matusi, hii ina damu, msiangalie. Wanaitikia amina, wakifika nyumbani wanaendelea pale walipoishia.

Mchungaji ameturuhusu Jumamosi nne, saa mbili kila moja, tuangalie nao na kupima kwa Neno. Tuchague nini? Tuulize maswali gani? Saa mbili tuzigawe vipi? Vyombo ni projekta ya kuazima na spika moja ya kwaya. Naomba hatua, mahubiri tunayo ya kutosha.

Mwalimu wa Fasihi

Amina mtumishi. Zana ya kwanza vijana wako wanayo tayari, walipewa shuleni: fani na maudhui, yaani kazi imejengwaje na inasema nini. Aliyefika sekondari anajua dhamira, migogoro, ujumbe, msimamo, falsafa. Anajibia mtihani, kisha anaviacha kwenye daftari. Mwambie muvi nayo ni kazi ya fasihi, ila imeongezewa kamera na muziki.

Uzito uweke kwenye falsafa, yaani kile ambacho kazi yenyewe inaamini kuhusu maisha. Dhamira ya tamthilia inaweza kuwa msamaha, na falsafa yake bado ikawa kwamba tajiri akikupenda shida zako zimekwisha. Orodha ya busu na matusi inanasa vinavyoelea juu. Falsafa inapita chini kwa chini, tena ndani ya muvi safi kabisa unayoweza kuiangalia na mama mkwe.

Ya kuinasia ni maswali manne, kwa mpangilio wa Biblia yenyewe, yaani uumbaji, anguko, ukombozi na mwisho wa yote:

1. Humu ndani mtu ni nani, na thamani yake inatoka wapi?
2. Kimeharibika nini, na wa kulaumiwa ni nani?
3. Anayeokoa ni nani, na anaokoa kwa kitu gani? Bunduki, pesa, mapenzi, kujiamini, mizimu?
4. Mambo yakikaa sawa, hiyo "sawa" ni hali gani?

Chukua The Lion King ya 1994, maana wengi wameiona na majina yake ni ya kwetu. Scar anamuua kaka yake kwa tamaa ya kiti, kisha anamwambia mtoto kuwa kosa ni lake, akimbie asirudi. Hapo vijana watasema wenyewe: mshitaki anamtwisha mtu hatia isiyo yake. Simba anaangukia kwa Timon na Pumbaa, anafundishwa hakuna matata, maana yake jeraha linatibiwa kwa kutolitaja. Muvi yenyewe inasema hiyo siyo dawa, na hapo tuko nayo pamoja: lazima arudi, ukweli usemwe mbele ya watu. Sasa swali la tatu. Kinachomrudisha ni nini? Ni baba aliyekufa, anatokea mawinguni na kumwambia akumbuke yeye ni nani. Mtoto wa Kinyamwezi hahitaji kuelezwa sana hapo, neno mizimu limo kwenye lugha ya bibi yake. Wokovu umetoka kwa wahenga na ndani ya Simba mwenyewe. Swali la nne: muvi inaishia ilipoanzia, mtoto mwingine anainuliwa juu ya mwamba ule ule. Ni duara, na mauti ni kipande cha duara, yameimbiwa wimbo mtamu. Kwa Paulo mauti ni adui wa mwisho (1 Wakorintho 15:26). Tusi humo hakuna hata moja, na saa nzima imejaa.

Muda sasa. Usioneshe muvi nzima, dakika 90 zikiisha vijana wamechoka na mjadala umekufa. Kata kipande cha dakika 10 hadi 12 chenye uamuzi mzito ndani yake. Wewe mlezi uwe umeiangalia yote nyumbani na kuandika dakika kamili ("0:41 anasaini karatasi"), vinginevyo utakuwa unatafuta mbele ya watu na tukio usilolitaka litajitokeza. Utangulizi dakika 10. Kipande mara ya kwanza, kisha kimya cha dakika 2, kila mmoja aandike sentensi moja tu: alimwonea huruma nani? Kipande mara ya pili bila sauti. Mjadala dakika 40, Neno dakika 20, sala. Zinazobaki ni za kuhangaika na nyaya.

Ile mara ya pili bila sauti usiiruke. Muziki unakuambia umpende nani kabla hajafanya lolote. Ukizimwa, kamera inabaki uchi. Tamthilia ikitaka umwonee huruma mume aliyetoka nje ya ndoa, inakuletea uso wake karibu kabisa, unaona chozi likisimama kwenye ukope kabla ya kudondoka. Mke aliyeachwa anaonekana kwa mbali, mlangoni, mdomo wazi, anafoka. Wape kazi wahesabu sekunde: uso wa nani umekaa muda mrefu? Wakimaliza kuhesabu, wasome tena sentensi walizoandika.

Fundi Sauti, Kanyenye

Niongeze vyombo, maana Jumamosi nyingi zinafia hapo.

Giza kwanza. Tabora jua linazama kama dakika 25 baada ya Dar. Saa kumi na mbili na nusu bado lipo, na mwanzoni mwa mwaka hata saa moja kamili nje ni kweupe. Mkianza mapema, zibeni madirisha kwa mablanketi, la sivyo shuka litakuwa jeupe na picha haipo. Shuka lipigwe pasi na livutwe pembe zote nne. Kwa upana wa mita 2, projekta ya kawaida ya ofisini inakaa umbali wa mita 3 hadi 4, na mwangaza wa lumeni 3,000 unatosha gizani.

Spika ikae mbele, chini ya shuka. Ikiwa nyuma, mdomo unaongea huku sauti inatoka kule, watu wanachoka bila kujua kwa nini. Spika ya kwaya huwa imejazwa besi kwa ajili ya gitaa: punguza besi, pandisha sauti za kati, maneno yatasikika.

Faili ndilo linaloumbua watu. Flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4 hata kama nafasi ipo tele. Iformati kwa mfumo wa exFAT, ila hakikisha kwanza kifaa chako kinaisoma. Sauti ipo, picha hakuna? Mara nyingi picha imefungwa kwa H.265, namna mpya ya kubana video, na televisheni ya zamani haiijui. Picha ipo, sauti hakuna? Angalia kama sauti ni AC3 au DTS, aina za sauti ambazo baadhi ya vifaa havizisomi. Dawa ya yote mawili ni kompyuta yenye programu ya VLC na waya wa HDMI. Kama kuna maandishi ya tafsiri, faili la .srt lipewe jina lile lile la muvi na likae folda moja nayo.

Projekta ya balbu ukiizima usichomoe waya mpaka feni isimame. Umeme ukikatika wenyewe, iache ipoe dakika chache kabla ya kuiwasha, maana balbu ikipasuka utailipa wewe uliyeazima.

Mzee wa Kanisa, Cheyo

Zaburi 101:3, "Sitaweka mbele ya macho yangu neno la uovu." Sioni sababu ya kumwonjesha mtoto sumu ili ajue ni sumu. Hizo saa mbili wangesoma Waraka kwa Warumi.

Mama Mchungaji, Ng'ambo

Shikamoo mzee. Andiko hilo linasimama, na kuna vitu havichambuliwi: picha za ngono haziwekwi kwenye shuka kwa jina la mafunzo. Warumi 14, ya kutomkwaza aliye dhaifu, nayo isimame: kijana aliyetoka kwenye nyumba ya uganga asilazimishwe kukaa kwenye kipande cha uchawi, apewe ruhusa ya kutoka bila kuulizwa mbele za watu. Ila mzee, hawa hawasubiri sisi tuwaonjeshe. Na Paulo kule Athene roho ilimchemka kwa sanamu (Matendo 17:16), hata hivyo alizunguka akaziangalia vizuri mpaka akasoma maandishi ya madhabahuni, kisha akawanukulia washairi wao wenyewe.

Mlezi, mimi ningekushauri Jumamosi moja nzima uwape muvi zinazojiita za Kikristo, maana hizo ndizo hakuna anayezikagua. Unazijua. Biashara inakwama, mtoto anaumwa, kamera inakata kwenda kijijini: bibi, kibuyu, kaniki, kicheko. Anakuja mchungaji kwa shati jeupe, anakemea, moto wa kompyuta unatoka kiganjani, bibi anadondoka. Familia inanunua gari, skrini inaandika utukufu kwa Mungu.

Pitisha maswali manne. Uovu wote uko kwa jirani, ndani ya familia hakuna dhambi hata moja. Hakuna aliyetubu. Anayeokoa ni mwenye nguvu kubwa kuliko mwenzake, msalaba haukuhitajika popote. Mwisho mwema ni gari. Kisha waulize: tukimtoa mchungaji tukamweka mganga mwenye dawa kali zaidi, hadithi inaharibika wapi? Waache wahangaike nalo.

Ukanda wetu hilo siyo suala la nadharia. Huku vikongwe wameuawa wakidhaniwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, na mekundu yenyewe ni ya moshi wa kuni wa miaka hamsini. Kigoma wanapita kamchape, wale wanaojiita wasaka wachawi, kuwataja watu kuwa wachawi. Muvi ikimaliza kwa bibi kuanguka na kanisa kupiga makofi, kijana amefundishwa nani wa kumtazama vibaya akirudi nyumbani. Somo la Neno siku hiyo liwe Yohana 9:1-3, wanafunzi wanatafuta wa kulaumiwa na Yesu anakataa swali lao.

Na hata muvi za Biblia zipimwe. The Passion of the Christ ya 2004 ina kunguru anayemdonoa jicho mhalifu msalabani. Vijana wamtafute kwenye Injili zote nne, hawatampata. Ufufuo umepewa kipande kifupi sana mwishoni, ulinganishe na nafasi ya mijeledi.

Mlezi wa Vijana, Isevya

Mbarikiwe sana, mzee nawe asante kwa tahadhari, umri wa kila mmoja nitauzingatia. Mawili yamebaki: muvi za DJ tunazichambuaje, na kuonesha kanisani ni halali?

Mwalimu wa Fasihi

Halali kwanza. Kwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976, filamu ya kuoneshwa hadharani inapita Bodi ya Filamu, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa mwenye kazi haki ya kuruhusu maonesho. Anzia kwa afisa utamaduni wa manispaa, umweleze ni kipande kifupi cha mafunzo, hakuna kiingilio, akuambie utaratibu. Na zile za flashi za kibandani usizipeleke kanisani. Utakuwa unafundisha uaminifu kwa muvi iliyoibwa, na kijana wa kwanza kuliona hilo ndiye atakayeuliza kwa sauti.

Muvi ya DJ ina falsafa mbili, ya mwenye muvi na ya DJ. Anabadilisha majina, anatania mtu akifa, anaongeza misemo yake. Sinema ya Kihindi ikisema Bhagwan, yeye anasema Mungu, na kijana haoni tena kwamba anayeombwa ni sanamu iliyo mbele yake hapo hapo kwenye picha. Karma, imani ya Kihindu kwamba matendo yako yanakurudia, inageuka "malipo ni hapa hapa duniani", tunaitikia kama methali ya kwetu. Iweke kando ya Luka 13:4, wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, ambao Yesu anakataa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine.

Tafuta nakala halali ya asili yenye maandishi ya tafsiri. Kipande cha dakika 5 kinatosha. Waambie vijana wenye kumbukumbu wakariri kwanza DJ alivyosema pale, neno kwa neno, maana wanayo kichwani. Mmoja aandike ubaoni. Ndipo uoneshe kipande chenyewe, na upande wa pili wa ubao uandikwe kilichosemwa kweli. Watacheka sana dakika za mwanzo, waache, na chaki iwe ya kutosha.