Matunzo ya mtoto: dereva bajaji kipato chake kinapigwaje?

Kijiwe_Buza: Wakuu, habari za jioni. Naendesha bajaji ya tajiri, kijiwe changu Buza. Na mzazi mwenzangu tuliachana mwaka jana, binti yetu ana miaka 6, anakaa na mama yake Mbagala Rangi Tatu. Mtoto sijamkataa. Shida ni kiasi. Yeye kaandika sh 250,000 kwa mwezi, mimi naona 100,000. Wiki ijayo tunaitwa ustawi wa jamii. Jamaa kijiweni anasema wanakata theluthi ya mshahara. Theluthi ya nini sasa? Hesabu ya tajiri ni 20,000 kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Nikitoa mafuta, siku nzuri nabaki na 15,000, siku ya trafiki 5,000. Sitaki kusaini kitu nikwame mwezi wa pili. Halafu viatu na madaftari ninayonunua, vinahesabiwa au wanataka hela mkononi tu?

MamaPacha: Kaka yangu, laki moja Dar hii? Unajua gari la shule ni bei gani?

Kijiwe_Buza: Dada, hilo gari ndilo limeleta yote. Kamhamishia Inglishi midiamu bila kuniuliza. Alikuwa shule ya serikali, dakika tano kwa mguu.

Ustawi_Mstaafu: Kijana, hakuna theluthi. Nimekaa ofisi za ustawi miaka mingi, jedwali la asilimia sijaliona. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka kipato na mali za wazazi wote wawili ziangaliwe, watoto wengine unaowatunza, na gharama za maisha pale mtoto anapoishi. Wote wawili, nasisitiza. Mama ana kazi?

Kijiwe_Buza: Ana saluni ndogo, kapanga fremu.

Ustawi_Mstaafu: Basi na yeye ataulizwa. Wewe piga hivi: ukibaki na wastani wa 10,000 kwa siku 26, ni 260,000. Anayedai 250,000 anataka ule upepo. Lakini usiende kusema hivyo kwa mdomo, maana kila baba anayeingia pale ni fukara. Nenda na daftari la hesabu, tajiri atie saini. Kisha mwandike mahitaji ya mtoto pamoja: chakula, sehemu yake ya kodi ya chumba, matibabu, nguo, shule. Ada ya mwaka igawe kwa 12. Mkishaandika mtaona ugomvi wenu uko kwenye mstari mmoja tu, shule. Shule ya msingi ya serikali haina ada, kwa hiyo una hoja, ila zungumza kwa upole, mtoto ameshazoea wenzake.

Kwa kipato cha kila siku, omba ulipe kila Jumamosi kwa simu. Ujumbe wa muamala ndio risiti yako. Viatu na madaftari vinahesabiwa mkiviandika kwenye makubaliano. Ukinunua kimyakimya itaonekana zawadi.

Pale ofisini wanasuluhisha tu. Ikishindikana, amri inatolewa na Mahakama ya Watoto, na kipato kikibadilika unarudi kuomba ibadilishwe, juu au chini.

Babu_Keko: Shukuruni. Sheria ya zamani ya watoto wa nje ya ndoa ilikuwa na kikomo cha sh 100 kwa mwezi. Mia! Imefutwa na hiyo ya 2009. Kuna wazee walikuwa wanailipa kwa maringo.

Kijiwe_Buza: Shikamoo mzee Ustawi, nimekuelewa. Nitasema 30,000 kila Jumamosi, na matibabu nusu kwa nusu. Ila Inglishi midiamu sisaini.

Ustawi_Mstaafu: Marahaba. Hiyo ni kama 130,000 kwa mwezi, inazungumzika. La shule acha liandikwe peke yake, lisizuie chakula kuanza Jumamosi hii.

MamaPacha: Na ada ya muhula huu, ambayo mtoto ameshaanza kuusoma, analipa nani?