Fusarium ya migomba: resi, VCG, TR4... nimechanganyikiwa

MgombaMmoja:
Habarini wakuu. Nipo mwaka wa mwisho, kilimo, ripoti yangu ni mnyauko wa migomba unaoletwa na kuvu aitwaye Fusarium. Nina kuvu 11 nilizootesha maabara, 10 zimetoka kwenye kisukari na moja kwenye Cavendish (aina nyingine ya mgomba) iliyokuwa imeota pembeni ya mfereji. Kwenye sahani zote zinafanana kama mapacha, pamba nyeupe juu, chini uzambarau. Sasa msimamizi anataka nizigawe kwa aina, nikisoma huku naambiwa resi, kule VCG, kichwa kinaniuma. Na jamaa yangu anasema kwa vile Cavendish imekufa basi hiyo moja ni TR4 tu, ile resi 4 ya kitropiki inayoua Cavendish, hakuna mjadala. Ni kweli?

Kuvu_Mwitu:
Mwambie jamaa yako apunguze kasi 😂 Resi haikwambii kuvu huyu ni nani, inakwambia ameua nini. Resi 1 inaua migomba aina ya Gros Michel na kisukari, ndiyo iliyomaliza mashamba ya Amerika ya Kati mpaka makampuni yakahamia Cavendish miaka ya 50 na 60. Resi 2 ni ya bokoboko. Resi 3 ilikuwa ya mimea ya helikonia, siku hizi haihesabiwi tena. Resi 4 inaua hao wote na Cavendish juu, lakini nayo iko mbili, kuna ile inayoipata Cavendish kwenye maeneo yenye baridi, mgomba ukiwa umeshapigwa na baridi, na kuna TR4 ya kitropiki ambayo haisubiri baridi wala nini. Mgomba wako umesimama pembeni ya mfereji, mizizi imelowa, umechoka, hata resi 1 imeshawahi kukutwa kwenye Cavendish iliyodhoofika. Mgomba mmoja uliokufa sio ushahidi.

Dada_Maabara:
Naongezea kwenye VCG, yaani makundi ya kuvu zinazoweza kuungana zikikutana, maana hapo ndipo wengi wanapotea. Zinafanana kwa macho ndiyo, kwa hiyo unaziuliza zenyewe: mnaelewana au hamuelewani? Unaotesha kwenye chakula chenye potasiamu kloreti, kuvu nyingi zinadumaa, ila baada ya siku kadhaa utaona kipande kimoja kimechomoka kinakimbia pembeni kama feni. Hicho unakikata unakihamishia kwenye chakula chenye naitreti tu, kitatambaa chembamba kama utando wa buibui kwa sababu naitreti hakiwezi kuitumia. Ukipata vya namna hiyo kutoka kuvu mbili unaviweka sahani moja vikutane. Kama ni kundi moja, pale vinapogusana panaota mstari mweupe mnene, kila mmoja anamfidia mwenzake. Kama sio, vinagusana na hakuna kinachotokea. Mimi mara ya kwanza niliona ule mstari saa mbili usiku nikapiga kelele mpaka mlinzi akaja.

TR4 ni VCG 01213, wengine wanaandika 01213/16. Za resi 1 utakutana sana na 0124 na ndugu zake. Lakini ukumbuke VCG na resi haviendi sambamba, kundi moja la VCG linaweza kuwa na resi 1 na resi 2 humo humo.

Shamba_Darasa:
Samahani wataalamu mimi mkulima tu, kisukari changu kinanyauka, ni hiyo hiyo au ni unyanjano?

Kuvu_Mwitu:
@Shamba_Darasa kata mgomba usubiri kidogo. Ukitoka usaha wa njano, na ndizi zinaiva kabla ya wakati zikiwa zimeoza ndani, huo ni unyanjano, ni bakteria. Fusarium haitoi usaha, majani ya chini ndiyo yanaanza kuwa njano, yanavunjika shingo yananing'inia kuzunguka shina kama sketi, na ndani michirizi ya kahawia nyekundu. Kwa vyovyote usitoe miche hapo.

@MgombaMmoja hiyo ya Cavendish ipeleke PCR (kipimo cha vinasaba) ya TR4 kabla ya kupoteza miezi kwenye kloreti. Msumbiji ilithibitishwa 2013, hapo jirani tu, Mayotte 2019, kwa hiyo sio kitu cha kucheka. Ila usiandike popote "TR4 imeingia" kabla ya majibu, ongea na msimamizi, TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea Tanzania, wapo kwa kazi hiyo. Na viatu ulivyoingia navyo shambani uvioshe udongo wote, mbegu za kuvu huyo (spora) zinakaa ardhini miaka na miaka.

Dada_Maabara:
Kuna na kipimo cha wazee: otesha kwenye wali uliochemshwa kwenye chupa, baada ya wiki mbili hivi funua unuse. Kundi la resi 4 linatoa harufu kali, la resi 1 kwa kawaida halinuki. Sio cha kuwekea sahihi, ila kinakupa picha.

MgombaMmoja:
Asanteni sana. Wali nimepika jana chupa 11, mwenzangu wa chumbani ameuliza mboga iko wapi 😅 PCR sampuli zinaondoka Jumatatu.