Pawabenki kwa ndege kutoka Dubai, sheria ikoje?

Fundi_Simu: Wakuu naombeni msaada, nina katoni ya pawabenki za 20,000mAh nataka zije Dar kwa ndege, watu wa kago wamezikataa eti hazina lebo wala ripoti ya UN 38.3, ndo kitu gani hicho?

Mzigo_Kwanza: Ripoti ya majaribio ya betri hiyo mkuu, mdai aliyekuuzia. Pawabenki inahesabiwa betri peke yake (isiyo ndani ya kifaa), namba yake ya mizigo hatari ni UN3480, na toka 2016 haipakiwi kama kago kwenye ndege ya abiria, ni ndege ya mizigo tu na chaji isizidi asilimia 30. Lebo ni ya klasi 9 ya mizigo hatari, ile yenye mistari myeusi juu na betri inayotoa moto chini.

Fundi_Simu: Duh! Nikiwagawia abiria je?

Dada_Kago: Thubutu! Abiria anabeba za matumizi yake tu, tena begi la mkononi, lile unalokabidhi kaunta hapana kabisa. Hiyo yako 20Ah (ndo 20,000mAh) mara volti 3.7 ni Wh 74 (wati-saa, kipimo cha nishati ya betri), mwisho ni Wh 100, zaidi ya hapo mpaka shirika likubali. Leta kwa meli kaka, ila nako utangaze betri usije ukaandika "vifaa vya simu".