Tupeane uzoefu: Dawa za wazazi waliostaafu na Medicare, mwaka 2026

Mwanamvita
Wakuu mlio Marekani, wazazi wetu wengi wamefika miaka 65. Kadi ya Medicare (bima ya afya ya serikali kwa wazee) wanayo, ila wakifika famasi wanatajiwa bei inayotisha. Naomba tuweke hapa mambo ya vitendo tu: bei, hatua, na panapokwama. Naanza na msingi.

Medicare ya kawaida hailipii vidonge vingi vya kumeza nyumbani. Hivyo viko Part D, ambayo inauzwa na kampuni binafsi za bima, na mzee lazima ajiunge nayo. Mzazi mwenye green card aliyeishi nchini miaka 5 mfululizo hukata tamaa akitajiwa Part A (sehemu ya kulazwa hospitali), hadi dola 565 kwa mwezi kama hana historia ya kazi hapa. Asikate tamaa! Anaweza kuchukua Part B (sehemu ya madaktari na kliniki) peke yake, dola 202.90 kwa mwezi, na hiyo inatosha kumpa haki ya kujiunga na Part D.

Asicheleweshe. Muda wa kwanza wa kujiunga ukishapita, akikaa siku 63 au zaidi mfululizo bila bima ya dawa inayotambulika, anatozwa faini ya asilimia 1 ya dola 38.99 (ada ya msingi ya taifa ya Part D) kwa kila mwezi aliokosa. Miezi 20 ni dola 7.80, juu ya ada yake, kila mwezi, kwa muda wote atakaokuwa na Part D. Kiwango hicho cha msingi nacho hubadilika kila mwaka.

Karani_wa_Bima
Niongezee hapo kwa @Mwanamvita. Mwaka wa dawa unakwenda hivi. Mpango wa Part D unaweza kumtaka mzee alipe dawa mwenyewe kwanza, lakini isizidi dola 615. Baada ya hapo, kwa mpango wa kawaida, anachangia asilimia 25 ya bei. Alichotoa mfukoni kikifika dola 2,100, dawa zilizo kwenye orodha ya bima anachukua bila kulipa hadi Desemba 31.

Wengi wanakosea hesabu ya hizo 2,100. Ada ya mwezi haihesabiwi. Dawa isiyo kwenye orodha ya bima yake haihesabiwi. Dawa anazochomwa hospitali chini ya Part B hazihesabiwi.

Insulini iliyo kwenye orodha haizidi dola 35 kwa dozi ya mwezi, hata kama zile 615 hajazimaliza. Chanjo ya mkanda wa jeshi ni bure.

Mwenye dawa ghali anaweza kuomba mpango wake umgawie malipo kwa miezi, bila riba. Aombe Januari: 2,100 kwa miezi 12 ni 175. Akingoja Septemba, zinagawanywa kwa miezi 4, yaani 525. Gharama yenyewe haipungui, inasambazwa tu, kwa hiyo anayetumia dawa za bei ndogo hana haja nayo.

Dirishani
Nazungumzia upande wa famasi. Bima ikikataa, usiondoke na jibu la "haijakubali". Muulize mfamasia sababu iliyotokea kwenye kompyuta: haiko kwenye orodha, inahitaji kibali kabla, inatakiwa dawa ya bei nafuu ijaribiwe kwanza, au vidonge vimezidi idadi. Kila sababu ina njia yake. Daktari akituma maelezo, bima ina saa 72 kujibu, au 24 kama afya iko hatarini. Na mzee aliyehamia mpango mpya, ndani ya siku 90 za mwanzo ana haki ya dozi ya mwezi mmoja ya dawa anayoitumia tayari, wakati suala linashughulikiwa. Watu hawaiombi kwa sababu hawaijui.

Halafu angalieni sana metformini ya kutoa taratibu, yaani kidonge cha kisukari kinachoachia dawa polepole mwilini. Ziko aina tatu zenye maandishi yanayofanana. Ile ya kawaida ni ya bei ya chini kabisa. Zile zilizotokana na dawa za jina za Fortamet na Glumetza zinaweza kuwa ghali mara nyingi, hata zikiwa hazina jina la biashara. Daktari akibonyeza mstari usio sahihi kwenye kompyuta yake, bili inapanda kwa sukari ile ile. Mwambieni aandike ile ya kawaida.

Nyasubi
Na mzee mwenye kipato kidogo?

Karani_wa_Bima
Aombe Extra Help, msaada wa serikali wa kulipia gharama za Part D, ofisi ya Social Security (hifadhi ya jamii), fomu SSA-1020. Nyumba anayoishi na gari havihesabiwi kwenye mali. Akikubaliwa, halipi zaidi ya dola 5.10 kwa jenariki (dawa isiyo na jina la biashara) na 12.65 kwa dawa ya jina, na ile faini ya kuchelewa inafutwa.

Jambo jingine: msichague mpango kwa ada ya mwezi. Mpango wa dola 0 unaweza kuweka dawa ya presha ya mzee daraja la juu la bei. Kaeni na chupa zenyewe mezani, ingieni Medicare.gov kati ya Oktoba 15 na Desemba 7, andikeni jina, miligramu na idadi kama ilivyo kwenye lebo, wekeni famasi mnayotumia, kisha pangeni mipango kwa jumla ya gharama ya mwaka. Rudieni kila mwaka, maana orodha hubadilika.

Nyasubi
Asante mkuu. Akienda Moshi miezi mitatu?

Dirishani
Part D hailipii dawa iliyonunuliwa nje ya Marekani. Daktari aandike dozi ya siku 90. Kama mfumo unasema ni mapema mno, pigeni namba iliyo nyuma ya kadi muombe ruhusa ya safari, wiki mbili kabla ya ndege. Dawa zibaki kwenye chupa zenye lebo, na ziwe kwenye begi la mkononi.